Kilomita Mia Nne za Tokyo, Kilomita Mia Nne za Delhi

Uzi ukinyooshwa juu ya tufe la dunia kutoka Tokyo hadi Osaka, hupima kilomita 400 na kitu kidogo. Ukihamishiwa Delhi na kuvutwa kuelekea kaskazini-magharibi, uzi huohuo hupungukiwa na kilomita ishirini na ushei tu kabla ya kuigusa Lahore. Kwa kipimo cha uzi, safari hizi mbili za Asia ni ndugu wa tumbo moja. Ndege ya kawaida ya abiria ingezimaliza kwa muda unaokaribiana, dakika chache huku au kule.

Lakini ndege za Tokyo na Osaka hupaa tangu asubuhi na mapema hadi usiku, na ratiba zake huandika saa moja na dakika kama kumi. Baina ya Delhi na Lahore, ninapoandika haya, hakuna ndege ya moja kwa moja. Mwenye viza na nauli hupelekwa kwanza Dubai au mji mwingine wa Ghuba, kilomita 2,200 hivi kuelekea magharibi, akakaa uwanjani kungoja ndege ya pili, kisha akarudishwa karibu kilomita 2,000 kuelekea mashariki. Katika ukumbi huo wa kungojea huenda akaketi ubavuni mwa abiria wa Mombasa au Unguja, maana Dubai ni njia panda yetu pia, na wala wasijue kwamba jirani yao anakwenda mji ulio karibu na kwake kuliko Moshi ilivyo karibu na Dar es Salaam. Atakuwa ameruka takriban mara kumi ya uzi.

Sikuziweka safari hizi mbili pamoja ili kuisifu Japani na kuzisuta India na Pakistani. Ulinganisho wa namna hiyo ungekuwa mwepesi, na ungekuwa wa uongo, kwa sababu ukirudi nyuma miaka mia nne mambo yamepinduka: njia ya Delhi na Lahore ndiyo iliyokuwa wazi, na njia ya Japani ndiyo iliyokuwa na lango lenye askari. Ninachotaka kukitazama ni kile ambacho watu wa huko walikihesabu kila walipojibu swali dogo ambalo kila msafiri huuliza: ni mbali kiasi gani?

Kiswahili kina jibu lake la kale. Mzee wa kijijini hasemi kilomita, husema mwendo: mwendo wa asubuhi moja, mwendo wa siku mbili. Neno hilohilo hubeba umbali, muda na namna ya kwenda, wala hakuna anayeona kwamba mambo matatu yamechanganywa. Asia nayo ilihesabu hivyo kwa muda mrefu, ingawa kila nchi ilichagua kiungo chake cha mwili wa mwanadamu. Waajemi walikuwa na farasakhi, ambayo wanafunzi wa fikihi hapa pwani wanaijua kutokana na mlango wa sala ya msafiri. Asili yake ni masafa ambayo mtu au mnyama huyakata kwa miguu katika muda wa saa moja, na kwa kawaida hukadiriwa kuwa kilomita tano hadi sita. Wahindi walikuwa na kosi. Neno hilo limetoka katika Kisanskriti, na maana yake ya kwanza ni ukelele, yaani masafa ambayo sauti inaweza kusafiri na kusikika. Muajemi, basi, alipima kwa miguu, na Mhindi kwa koo na sikio. Katika kosi yupo mtu upande wa pili anayesikiliza. Katika farasakhi yupo msafiri peke yake na jasho lake.

Kipimo cha Wajapani kinaitwa ri, na huandikwa kwa herufi ileile ambayo Wachina husoma li na Wakorea husoma ri. Hapa msomaji asidanganywe na maandishi. Li ya Wachina ni kama nusu kilomita. Ri ya Wakorea ni fupi zaidi, takriban mita 390. Ri ya Wajapani, iliyokuja kuwekwa rasmi baada ya vipimo vya zamani kuoanishwa, ni mita 3,927, yaani karibu mara nane ya mzazi wake. Msomi wa Kijapani aliyesoma shairi la Kichina lenye safari ya li elfu moja alipaswa kupunguza kichwani mwake, la sivyo angemtuma mshairi hadi nje ya dunia. Herufi ilivuka bahari salama. Kiasi kilichomo ndani yake hakikuvuka.

Serikali mbili zilizojaribu kukaza vipimo hivi zilifanya hivyo karibu katika kizazi kimoja, bila ya moja kuiiga nyingine. Mwaka 1604 watawala wa ukoo wa Tokugawa waliagiza barabara kuu zinazotoka Edo, mji ambao leo ni Tokyo, zipimwe kuanzia daraja la Nihonbashi. Kila baada ya ri moja vikajengwa vichuguu viwili vya udongo, kimoja kila upande wa njia, na juu yake ukapandwa mti, mara nyingi mti wa enoki wenye kivuli kipana. Mwaka 1619 mfalme Jahangir wa dola ya Mughal aliagiza mnara ujengwe kila baada ya kosi moja kutoka Agra hadi Lahore, njia inayopita Delhi, na kisima kila baada ya kosi tatu. Minara hiyo ni ya matofali yaliyopakwa chokaa, minene chini na inayopungua kuelekea juu, na kimo chake ni kama mita tisa. Mingi inasimama hadi leo katika mashamba ya Haryana, wakulima wakilima kuizunguka.

Tazama tofauti ya vitu viwili vilivyofanya kazi moja. Kichuguu cha Japani ni kifupi na kina mti: msafiri hukifikia, huketi, hupumzika, humlipa mpagazi kwa hesabu ya ri. Mnara wa India ni mrefu ili uonekane kwa mbali katika uwanda ulio tambarare kama meza, ambako vumbi na ukungu wa baridi humpoteza mtu. Japani ina milima na njia yenyewe hukuongoza. Shida ya msafiri ni uchovu. Punjab, nchi ya uwanda huo, haina mlima wa kukuongoza. Shida ni mwelekeo, na maji. Kwa hiyo mmoja alijenga kivuli, mwingine akajenga alama na kuchimba kisima. Siwezi kusema nani aliwajua zaidi wasafiri wake.

Sher Shah Suri, aliyetawala kaskazini ya India kati ya 1540 na 1545, alikuwa amekwisha kuitengeneza njia hii kabla ya Jahangir. Alijenga nyumba za wageni, sarai, kila baada ya kosi mbili, na ndani yake akaweka sehemu mbalimbali za Wahindu na Waislamu, kila kundi na maji yake na wahudumu wake, mtu asilazimike kuchagua baina ya kiu na dini. Njia ya Japani, Tokaido, ilikuwa na vituo 53 kutoka Edo hadi Kyoto, takriban kilomita 490, na iliporefushwa kwenda Osaka vikawa 57. Kila kituo cha Tokaido kilitakiwa kuwa na wapagazi 100 na farasi 100 tayari kwa kazi za serikali. Wakuu walilala katika nyumba zao maalumu na wananchi katika nyumba zao. India iliwagawa wageni kwa dini, Japani ikawagawa kwa cheo.

Lakini kumbuka mwaka huo 1619. Katika mwaka ambao Jahangir aliagiza minara, Tokugawa waliweka lango la ukaguzi Hakone, katika milima inayoikinga Edo upande wa magharibi. Kazi zake zilikuwa mbili: kuzuia bunduki zisiingie na kuzuia wanawake wasitoke. Wake wa wakuu wa majimbo waliwekwa Edo kama dhamana ya utii wa waume zao, na mwanamke aliyetaka kupita Hakone alihitaji hati yenye maelezo ya umbo lake, nayo ilikaguliwa na mwanamke mwenzake aliyeajiriwa kwa kazi hiyo. Zaidi ya hapo, mto Oi uliachwa bila daraja wala kivuko. Msafiri alibebwa mabegani na wapagazi wa mtoni, na mvua ikinyesha mto ulifungwa hata kwa siku kadhaa, nyumba za wageni zikijaa watu waliokatwa safari. Kwa mwanamke wa Edo asiye na hati, Kyoto haikuwa mbali kwa siku kumi na tano. Haikufikika. Na katika miaka hiyohiyo mfanyabiashara wa Delhi aliweza kupeleka vitambaa Lahore bila kuonesha karatasi ya kumruhusu kutoka mji hadi mji. Vilimsumbua ushuru na wezi, lakini si mpaka.

Siku kumi na tano nilizozitaja zina ushahidi wake pande zote mbili. Kwa Tokaido, mtu wa kawaida alitembea Edo hadi Kyoto kwa muda wa wiki mbili hivi, naye alianza safari saa kumi alfajiri ili alale kituo cha mbele kabla ya giza. Matarishi wa mbio waliopokezana walifikisha barua kwa siku tatu au nne. Kwa Delhi na Lahore tunaye daktari Mfaransa François Bernier, aliyefuatana na msafara wa mfalme Aurangzeb kati ya Desemba 1664 na Februari 1665. Anaandika kuwa Lahore iko mwendo wa siku kumi na tano hivi kutoka Delhi, lakini wao walikaa njiani karibu miezi miwili, kwa sababu mfalme aliiacha barabara mara kwa mara akifuata mawindo, na kambi yake ilikuwa mji mzima unaohama. Wakuu wa Japani nao walisafiri na misafara mikubwa, kwa kuwa tangu 1635 sheria iliwalazimu kuishi Edo na jimboni kwao kwa zamu, mwaka huku mwaka kule. Ila wao walikazana. Kila usiku wa njiani uliwakausha hazina. Uzito wa mfalme wa Mughal ulionekana kwa kuchelewa, na uzito wa mkuu wa Japani ulikuwa gharama ambayo alitamani iishe upesi.

Nimekaa sana kwenye siku hizo kumi na tano kwa sababu hazirudi tena. Wiki mbili kwa miguu huku, wiki mbili kwa miguu kule: huo ndio wakati wa mwisho ambapo pacha hawa wawili walikuwa pacha kweli.

Kabla ya reli kuingia, inafaa kuuliza saa yenyewe ilikuwa nini, maana muda wa safari hauwezi kulinganishwa bila ya kulinganisha saa. Sisi huanza kuhesabu jua linapochomoza, na kwa kuwa tuko karibu na ikweta, saa zetu hazibadiliki sana Januari wala Julai. Wajapani wa Edo nao walifuata jua, wakaugawa mchana mafungu sita na usiku mafungu sita. Lakini nchi yao iko mbali na ikweta, hivyo fungu la mchana wa kiangazi lilikuwa refu sana kuliko fungu la mchana wa baridi. Mafundi wao walitengeneza saa za chuma ambazo mwendo wake ulirekebishwa kwa kufuata majira, kazi ya ustadi wa ajabu iliyomalizika ghafla tarehe 1 Januari 1873, serikali ilipoingia katika kalenda na saa za Ulaya. India iligawa siku nzima, mchana na usiku, katika pahari nane. Mfalme Babur, baba wa babu yake Jahangir, ameeleza katika kumbukumbu zake jinsi walinzi wa muda walivyoliweka bakuli la shaba lenye tundu lielee juu ya maji, na lilipozama wakapiga kengele ya shaba.

Mabaharia wa Uarabuni na Uhindi waliopita bahari hii yetu walikuwa na kipimo kiitwacho zamu, nacho ni mwendo wa chombo kwa thumni ya siku, yaani saa tatu. Ahmad ibn Majid na Sulaiman al-Mahri waliandika masafa ya pwani kwa zamu, na tofauti ya kaskazini na kusini kwa vidole vya kimo cha nyota. Pahari ya bara na zamu ya bahari zina urefu mmoja: thumni ya siku. Na zote mbili zinanuka lindo. Kwa Kihindi na Kiurdu neno la ulinzi limetokana na pahari, na kwetu anayeshika zamu ni mlinzi. Inaelekea saa tatu ndio muda ambao watu wa Asia na wa pwani waliona kwamba mtu mmoja anaweza kukesha bila kusinzia. Saa ya ndege ya leo haina mwanadamu ndani yake kwa namna hiyo.

Reli iliwatenga pacha kwa mara ya kwanza, tena taratibu. Lahore iliunganishwa na Amritsar kwa reli mwaka 1862, miaka kumi kabla ya Japani kuwa na reli yoyote ya abiria. India ilitangulia, ingawa kwa mkono wa mkoloni na kwa faida ya mkoloni. Tokaido ilikamilika kama reli mwaka 1889, na treni ya kwanza kutoka Tokyo hadi Kobe, mbele ya Osaka, ilichukua takriban saa 20. Tarehe 1 Oktoba 1964, siku tisa kabla ya Olimpiki ya Tokyo, ilizinduliwa treni ya kasi, shinkansen, iliyofika Osaka kwa saa nne na mwaka uliofuata kwa saa tatu na dakika kumi. Leo ya haraka kabisa hutumia saa mbili na dakika ishirini na moja au mbili.

Njia hii ina jambo linalonivutia kuliko kasi yake. Reli yenyewe ina urefu wa kilomita 515.4. Lakini nauli huhesabiwa kwa kilomita 552.6, kwa sababu huo ndio urefu wa reli ya zamani ambayo shinkansen iliongezwa kando yake. Abiria hupita njia mpya iliyonyooka na kulipia mikunjo ya njia ya babu zake. Kwa hiyo mtu akiuliza Tokyo na Osaka ziko umbali gani, Mjapani anaweza kumjibu 403 kwa uzi, 515 kwa chuma, au 552 kwa tiketi, na katika yote hayo hakuna uongo.

Muda wa ndege nao una tabaka zake. Ule ulioandikwa kwenye tiketi huanza ndege inapoachana na maegesho na huisha inaposimama maegesho ya pili; ndani yake mna kusubiri foleni ya kupaa na kuzunguka kungoja zamu ya kutua. Baina ya Tokyo na Osaka, sehemu ya angani yenyewe mara nyingi haitimii saa. Kisha kuna upepo. Juu ya Japani hupita mmoja wa mikondo mikali kabisa ya upepo wa juu duniani, ukivuma kutoka magharibi kwenda mashariki, mkali zaidi wakati wa baridi. Mtaalamu wa hali ya hewa Wasaburo Oishi aliupima katika miaka ya 1920 kwa kurusha maputo kutoka kituo cha Tateno, kisha akachapisha matokeo yake kwa lugha ya Kiesperanto ili ulimwengu wote usome. Ulimwengu haukusoma. Kwa sababu ya upepo huo, kutoka Osaka kuja Tokyo ni karibu kuliko kutoka Tokyo kwenda Osaka. Nahodha wa jahazi la Maskati na Unguja hahitaji kufafanuliwa jambo hili. Tangu zama za mababu alijua kwamba kwa kaskazi Unguja iko karibu, na kwamba hakuna awezaye kusema masafa ya kurudi bila kuuliza kusi imeanza au bado. Tofauti ni kwamba jahazi lilingoja miezi, na ndege hulipa kwa dakika na mafuta.

Upande wa Delhi, ndege ya kwanza ya barua ya kampuni ya Tata, tarehe 15 Oktoba 1932, ilirushwa na J.R.D. Tata mwenyewe kutoka Karachi hadi Bombay. Wakati huo ilikuwa safari ya ndani ya nchi. Treni iliyoitwa Frontier Mail, iliyoanza 1928, ilitoka Bombay ikapita Delhi na Lahore hadi Peshawar, ikiwabeba akina bibi na mashada ya harusi na wanafunzi wa vyuo vya Lahore, ambayo wakati huo ilikuwa mji mkuu wa elimu na wa vitabu kwa Punjab nzima. Agosti 1947 mpaka ulichorwa kati ya Amritsar na Lahore, miji iliyotengana kwa kilomita hamsini tu. Mamilioni walihama kwa miguu, kwa mikokoteni na kwa treni, na wengi sana waliuawa njiani. Frontier Mail ikaishia Amritsar. Baadaye ikabadilishwa jina.

Si haki kusema kwamba tangu hapo milango ilifungwa tu. Ilifungwa na kufunguliwa, ikafungwa tena, na kila kufunguliwa kulikuwa na watu waliokutaka kwa dhati. Mwaka 1976 ilianza treni ya Samjhauta, neno lenye maana ya mapatano. Februari 1999 lilianza basi la Delhi na Lahore, na Waziri Mkuu Atal Bihari Vajpayee alivuka nalo mpaka wa Wagah na kupokewa na mwenzake Nawaz Sharif. Wazee waliozaliwa upande mmoja na kuzeeka upande wa pili walipanda basi lile kwenda kuziona nyumba walizoziacha. Agosti 2019 treni na basi vyote vilisimama. Novemba mwaka huohuo, kinyume na mwelekeo wa siasa, ulifunguliwa ushoroba wa Kartarpur, mahujaji wa Kisikh wakaweza kulifikia hekalu la mahali alipofariki Guru Nanak, mwanzilishi wa dini yao, kilomita nne na ushei ndani ya Pakistani, ambalo kwa miaka mingi walilitazama kwa darubini kutoka upande wa India. Aprili 2025, baada ya shambulio la Pahalgam, katika Kashmir ya upande wa India, Pakistani ilizifungia anga ndege za India, na India ikazifungia za Pakistani, na lango la nchi kavu likafungwa pia. Kartarpur ikafuata mwezi wa Mei.

Hivyo ndivyo Lahore ilivyosogea hadi Dubai. Ardhi haikusogea.

Ulinganisho wa tatu unanisaidia kutodhani kwamba hali hii ni ya milele. Taipei na Shanghai ziko karibu katika mstari mmoja wa kusini kwenda kaskazini, kilomita 690 hivi. Tangu 1949 hapakuwa na njia ya moja kwa moja. Mfanyabiashara wa Taipei mwenye kiwanda karibu na Shanghai aliruka kwanza kwenda Hong Kong au Macau, akateremka, akabadilisha ndege, kisha akapanda kaskazini. Kwa Hong Kong hiyo ni zaidi ya kilomita 2,000 na siku nzima imekwisha. Mwaka 2003 ndege za kukodi za Mwaka Mpya wa Kichina ziliruhusiwa, ila zilitakiwa zitue kwanza Hong Kong au Macau, magurudumu yaguse ardhi, ndipo ziendelee na abiria walewale. Ni vigumu kupata mfano ulio bayana zaidi wa umbali uliotengenezwa kwa kalamu. Julai 2008 zikaanza ndege za wikendi, zikilazimika kupita anga la Hong Kong bila kutua. Desemba 2008 njia ikanyooshwa. Sasa ratiba huandika chini ya saa mbili, ingawa mzozo wa pande hizo mbili kuhusu nani ni nani haujatatuliwa hata kwa herufi moja.

Hapo ndipo tofauti ya Taiwan na Punjab inapoonekana, na ni tofauti ya kuheshimu. Taipei na Shanghai zilianza na fedha: viwanda vilikuwa vimekwisha kujengwa, wasafiri walikuwa wamekwisha kuwa wengi, na njia ya anga ilifuata watu waliokuwa wakizunguka. Delhi na Lahore zilianza na kumbukumbu: lugha moja iliyoandikwa kwa hati mbili, mashairi yanayosomwa pande zote mbili, mahekalu na makaburi ya mawalii. Kumbukumbu ililijaza basi la 1999 machozi, lakini haikuweza kulilinda. Na Japani, iliyoonekana mwanzoni mwa makala hii kama nchi isiyo na kizuizi, iliondoa lango la Hakone mwaka 1869 tu, baada ya miaka 250, kwa sababu serikali iliyolihitaji ilikuwa imeanguka. Tokyo na Osaka hazina wema kuliko Delhi na Lahore. Zina bahati ya kuwa na mpaka wao wa ndani uliokwisha kufutwa.

Ukitafuta muda wa ndege baina ya miji miwili ya Asia, utapewa namba moja, safi, kana kwamba imepimwa kwa rula. Uliza imehesabu nini. Uliza kama upepo umo, kama foleni imo, na kama ruhusa imo. Wazee wa kosi na wa zamu walikuwa na namba zisizo sahihi kama hizo zetu, lakini kisima na lindo vilikuwa ndani ya hesabu.

Mnara mmoja wa kosi bado umesimama ndani ya bustani ya wanyama ya Delhi, na watoto hupita kando yake wakienda kumtazama chui milia mweupe. Lahore nako upo mnara wa kosi, umezungukwa na nyumba za watu. Ni minara ya barabara moja, na kati ya mji mmoja na mwingine ni kilomita 425.